Kukarabati ndege ya zamani kwa awamu: huku ikiruka, au kuivua yote hadi kiunzi?

Mwenye ndege ndogo ya miaka ya 1940 hufika siku akasimama mbele yake akiwa na orodha ndefu mkononi. Rangi ya bawa imeanza kufanya nyufa nyembamba, injini inadondosha mafuta, nyaya za umeme zimekauka maganda, kiti kimechanika, na breki ya kushoto haishiki kama ya kulia. Fedha za kuyafanya yote kwa mkupuo hazipo, na hata zingekuwepo, muda wa kushinda karakanani hautoshi. Basi kazi itakwenda kwa awamu, mwaka baada ya mwaka. Hilo mfuko umekwisha kuliamua. Kinachobaki ni kuchagua awamu za namna gani.

Njia ni mbili. Katika ya kwanza, kila awamu inaanza na kuisha, kisha ndege inarudi angani: mwaka huu magurudumu na breki, mwaka ujao nyaya na dashibodi, mwaka unaofuata injini. Katika ya pili, ndege inasimamishwa, inavuliwa hadi kiunzi kitupu, na awamu zote zinafanyikia chini. Hairuki tena mpaka kila kitu kimekamilika, iwe baada ya miaka mitatu, mitano, au zaidi ya kumi.

Wengi huzilinganisha njia hizi kwa fedha na muda, na nitavifikia vyote viwili. Lakini naamini kuna swali linalotangulia: ngozi ya ndege yako ni ya nini, na inaficha nini? Ukishalijibu hilo, mengi ya yaliyobaki yanajipanga yenyewe. Nimeona watu wenye bidii na mikono mizuri wakichagua njia kwa kutazama bajeti tu, kisha wakalazimika kuifungua upya kazi waliyoimaliza mwaka mmoja nyuma, kwa sababu kilichokuwa chini ya kitambaa hakikuulizwa.

Ngozi ya kitambaa juu ya mabomba ya chuma

Hili ndilo kundi kubwa la ndege ndogo za zamani. Piper J-3 Cub, ambayo zilitengenezwa karibu 20,000 kabla uzalishaji haujakoma mwaka 1947, imo humo. Aeronca Champion, Taylorcraft na Auster za Uingereza zimo pia. Kiunzi cha mwili ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Mabawa yana boriti, yaani mihimili mikuu ya bawa, za mbao au za alumini pamoja na mbavu nyepesi, na juu ya yote kimevutwa kitambaa kilichopakwa tabaka kadhaa.

Ndege hizi husimama mkia ukiwa chini. Maji yanayoingia, iwe mvua au umande tu wa usiku, huteremka kuelekea mkiani na kutulia kwenye mabomba marefu ya chini. Kutu huanzia pale kitambaa kinapogusana na chuma, au ndani kabisa ya bomba mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje rangi inaweza kung'aa kama mpya. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na sijaona mahali ambapo msemo huo unafaa zaidi kuliko kwenye bomba la chini la Cub iliyokaa miaka mingi nje ya banda.

Ukaguzi kupitia vitundu vya bawa na mwili unasaidia, lakini una mpaka. Fundi anaweza kupenyeza kamera ndogo ya mrija, anaweza kugonga na kubonyeza bomba pale anapofikia, anaweza kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti. Hawezi kuona kila kiungo. Kitambaa kikishatolewa, kila kitu kinajionyesha katika alasiri moja.

Kwa hiyo kwa ndege ya namna hii jibu langu linategemea umri wa kitambaa. Kama kimewekwa miaka michache iliyopita na picha za kiunzi kitupu zipo kwenye kumbukumbu zake, njia ya kwanza ni salama na ya kupendeza. Kama kitambaa ni cha zamani na hakuna anayejua lini kiunzi kilionekana mara ya mwisho, usianze na viti wala dashibodi. Utakuwa unapamba nyumba ambayo msingi wake hujauona.

Kitu kimoja cha muundo kinaweza kushughulikiwa bila kugusa kitambaa, nacho ni nguzo zinazoshikilia mabawa kutoka chini. Kutu ndani ya nguzo za ndege za Piper ni tatizo lililojulikana kiasi kwamba mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa maagizo ya lazima ya kuzikagua, ukaguzi unaorudiwa kila miezi 24, isipokuwa mwenye ndege akiweka nguzo mpya zilizozibwa kabisa zisiingize hewa wala maji. Nguzo hizo ni awamu nzuri ya kwanza kwa yeyote, awe wa njia ya kwanza au ya pili.

Ngozi ya alumini

Hapa mizani inahama. Cessna 170A na 170B, 172 za mwanzo na ndugu zao zimefunikwa karatasi za alumini zilizofungwa kwa ribiti. Cessna 120 na 140 ni nusu kwa nusu: mwili ni alumini, mabawa yalikuwa ya kitambaa hadi ilipokuja 140A yenye mabawa ya alumini mwishoni mwa muongo huo. Luscombe 8 nayo ina mwili wa alumini tupu.

Adui wa alumini si kutu nyekundu bali ulikaji wa unga mweupe, unaokaa baina ya karatasi mbili zilizolaliana. Unga huo ukiongezeka, karatasi huvimba na vichwa vya ribiti huanza kunyanyuka. Dalili hizo huonekana kwa nje na kwa ndani bila kuivua ndege yote. Zulia likitolewa, paneli za ukaguzi zikifunguliwa, taa na kioo kidogo vikipenyezwa, unapata picha ya kuaminika ya sehemu kubwa ya muundo. Tazama hasa mahali panya walipojenga kiota. Mkojo wao hula alumini vibaya sana, na pamba za kiota hushikilia unyevu papo hapo kwa miaka.

Kwa sababu unaweza kuona, unaweza kugawa kazi. Ndege ya alumini inastahimili njia ya kwanza kuliko zote: mwaka huu sakafu na pedali, mwaka ujao bawa la kushoto kuanzia mzizi hadi ncha, na katikati unaruka. Onyo moja tu. Usikimbilie kuing'arisha kwa sandapepa au mashine. Karatasi nyingi za ndege zina ganda jembamba la alumini safi lililowekwa ili kuilinda aloi ya ndani, na ukilisugua likaisha umeondoa kinga kwa ajili ya urembo.

Mbao

Jodel za Ufaransa ni mbao karibu mwili mzima. Tiger Moth ina kiunzi cha mwili cha chuma, lakini mabawa yake ni mbao ya spruce. Katika ndege hizi jambo la kuogopa ni gundi. Nyingi za zamani ziliunganishwa kwa kasini, gundi inayotokana na maziwa. Kasini ikikaa kavu hudumu vizuri, ikipata unyevu wa mara kwa mara hulainika na kuota kuvu. Kiungo kinaweza kuonekana kimefungana vyema huku gundi imegeuka unga.

Boriti za mbao zina tatizo jingine: ufa mwembamba unaokatiza nyuzi za mti, unaoachwa na bawa lililowahi kugonga ardhi. Ufa huo unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Ndiyo maana kitabu cha ndege kinachosema "ncha ya bawa la kulia ilitengenezwa" kinapaswa kukufanya usome ukurasa huo mara mbili, na kuuliza kama kuna mtu aliyeitazama boriti yote siku ile au alitazama ncha tu.

Kwa mbao sitaki kuzungukazunguka: kama gundi haina historia inayojulikana, ivue yote. Njia ya kwanza hapa naiona kama kuomba miaka kwa bahati.

Fedha: awamu hulipwa namna mbili

Faida ya njia ya kwanza kwa upande wa fedha iko wazi. Unalipa unachoweza, unasimama, unaanza tena. Mwaka mbaya wa mapato haukuachii ndege iliyovunjwa vipande. Na ndege inayoruka bado ina bei sokoni, ilhali ndege iliyovuliwa nusu huuzwa kwa sehemu ndogo ya kilichowekwa ndani yake.

Gharama yake iliyojificha ni kazi ya kurudia. Ili kufika kwenye kebo za usukani unatoa sakafu, mwaka huu. Mwaka ujao unaitoa sakafu ileile ili kupitisha nyaya. Mabawa yakishushwa na kupandishwa, lazima pembe zake zipimwe na kurekebishwa upya, na ukifanya bawa moja kila mwaka unalipa upimaji huo mara mbili. Kila kurudi angani kunahitaji ukaguzi na sahihi ya mtu mwenye leseni, na muda wake si wa bure. Ukijumlisha miaka sita ya namna hiyo, njia ya kwanza mara nyingi haiwi nafuu kama ilivyoonekana siku ya kwanza.

Njia ya pili huokoa marudio hayo yote. Kila bolti hufunguliwa mara moja na kufungwa mara moja. Kiunzi kikipelekwa kusafishwa kinakwenda chote, kinapakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, siku hiyohiyo kabla hakijashika kutu upya, kisha unaendelea. Lakini ina mtego wake, na mtego huo umewatafuna wengi: kununua mapema mno.

Mtu anaanza mradi akiwa na ari na fedha za kuanzia, anapeleka injini ifanyiwe ukarabati mkuu mwaka wa kwanza. Inarudi nzuri, inawekwa kwenye stendi, inafunikwa turubai. Miaka minne baadaye mwili bado haujakamilika, na ile injini mpya imekaa bila kuwashwa. Ndani yake mafuta yamekwisha kuteremka, unyevu umeingia, na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, imeanza kuonyesha madoa. Lycoming zina udhaifu zaidi hapa kwa kuwa kamshafti yake iko juu ya krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, mbali na mafuta yaliyotulia chini. Watengenezaji huhesabu miaka pia, si saa tu: kwa injini zake, Lycoming inataka ukarabati mkuu ufikapo mwaka wa 12 hata kama saa hazijatimia. Kwa hiyo umenunua muda ambao unaisha ndege ikiwa haina mabawa.

Hali hiyohiyo inazipata hosi za mpira na kamba za mpira zinazobeba mshtuko wa magurudumu. Kamba hizo hufumwa na nyuzi za rangi kwenye ganda lake, rangi zinazotaja mwaka na robo ya mwaka zilipotengenezwa, kwa sababu zinazeeka hata zikiwa kabatini. Makopo ya gundi na ya dopu, majimaji ya kupaka ili kukikaza na kukiziba kitambaa, yana tarehe pia. Kanuni yangu kwa mwenye kuchagua njia ya pili ni kwamba chuma na mbao vinunuliwe mapema, na vyenye mpira, kemikali na injini vinunuliwe mwisho kabisa. Injini iende kwa fundi wakati mwili unapakwa rangi, si kabla.

Na kwa wa njia ya kwanza kuna kinyume chake. Injini yako inaendelea kufanya kazi, jambo ambalo ndilo linaloilinda. Hakikisha tu inaruka kweli. Kuiwasha chini kwa dakika kumi kila wiki, mafuta yasipate joto la kutosha kufukuza unyevu, kunaidhuru kuliko kuiacha imehifadhiwa vizuri.

Muda na moyo

Hapa sina budi kusema wazi kwamba njia ya pili hushindwa zaidi kwa moyo kuliko kwa fedha. Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Ukishaivua ndege hakuna kurudi nyuma, na kati ya mwaka wa pili na wa nne kuna kipindi kirefu ambacho kila siku unafanya kazi na hakuna kinachofanana na ndege. Mabanda mengi yana kiunzi cha aina hiyo kwenye kona, kimefunikwa vumbi, mwenyewe amehama au amechoka.

Kumbukumbu nayo hupotea. Siku unayofungua unajua kila kitu kinakaa wapi. Miaka mitatu baadaye una kopo la wosha za ukubwa minne na hujui ipi ilikuwa chini ya pedali. Piga picha kila kiungo kabla ya kugusa, kutoka pande tatu, ukiweka rula karibu. Kila bolti irudi kwenye mfuko wake ulioandikwa jina, hata kama utaitupa na kununua mpya, maana ile ya zamani inakuonyesha urefu sahihi. Huu si ushauri wa ziada. Bila hayo, njia ya pili haifai kuanzwa.

Njia ya kwanza inalisha moyo. Unaifanyia kazi miezi michache, unaruka, unakumbuka kwa nini ulianza. Ustadi wako wa kurusha hauzimiki. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu rubani aliyekaa chini miaka mitano kisha akaingia kwenye ndege yenye gurudumu la mkia, ambayo nayo imekaa chini miaka mitano, anakutanisha mambo mawili yasiyopaswa kukutana. Ukienda njia ya pili, tafuta ndege nyingine ya kurukia, hata mara moja kwa mwezi.

Nafasi

Ndege iliyovunjwa huchukua nafasi kubwa kuliko iliyounganishwa, na wengi hawaliamini hilo mpaka wayaone mabawa yakiwa sakafuni. Mabawa ya Cub yana upana wa mita 10.7 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo kila bawa ni kitu cha mita tano kinachohitaji kugeuzwa pande zote mbili. Ongeza mwili unaokaribia mita saba, mkia, injini kwenye stendi, na chumba kisicho na vumbi cha kupakia rangi. Asiyekuwa na nafasi hiyo kwa miaka yote ya mradi asijidanganye. Njia ya kwanza inataka banda lilelile ambalo ndege inalala, na meza.

Kitambaa chenyewe: pamba au poliesta

Uchaguzi huu unaonekana mdogo lakini unagusa moja kwa moja swali la awamu. Pamba ya daraja la A ndiyo iliyovaliwa na ndege nyingi za Marekani za enzi hizo, na kitani zile za Uingereza. Ikiwa mpya, pamba hiyo hustahimili pauni 80 kwa kila inchi ya upana kabla ya kukatika. Ikishuka chini ya 56, yaani asilimia 70, kwa ndege zinazotakiwa kuvaa daraja hilo haifai tena kuruka. Jua ndilo linaloiua, na ndege ya pamba inayolala nje haikai miaka mingi. Poliesta ilikuja baadaye, na ikifunikwa tabaka la rangi ya fedha linalozuia miale ya jua, ikilala bandani, hudumu kwa miongo.

Poliesta hukazwa kwa pasi, pasi ya kawaida iliyopimwa kwa kipimajoto: kwanza nyuzi 121 za Selsiasi, kisha 149, na mwisho 177 ambazo huruhusiwi kuzipita, maana ukizidisha kitambaa hulegea na hakirudi. Pamba hukazwa kwa maji na dopu. Dopu ya naitreti hushika moto kwa urahisi wa kutisha, kwa hiyo anayefanyia kazi nyumbani alifikirie hilo kabla hajafikiria uhalisi wa kihistoria.

Mimi ningechagua poliesta kwa yeyote anayekusudia kuruka. Pamba niiachie ndege ya makumbusho, au mwenye moyo wa kuirudia mapema. Na kwa mtu wa njia ya kwanza nasisitiza jambo moja: chagua mfumo mmoja wa kitambaa, gundi na rangi, kutoka kijitabu kimoja, na ubaki nao mpaka mwisho. Ukiufunika mkia mwaka huu kwa mfumo mmoja na mabawa mwaka wa tatu kwa mwingine, tabaka zinaweza kukataana, na idhini ya mfumo mmoja haifuniki mchanganyiko. Praima ya kiunzi nayo iwe epoksi ya makopo mawili, kwa kuwa vimumunyisho vilivyomo katika gundi ya kitambaa huinyanyua rangi ya kawaida kama ngozi ya maziwa.

Usalama wa kila kurudi angani

Njia ya kwanza hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha breki kisha breki zikavuta upande, unajua pa kutazama. Hiyo ni faida kubwa. Njia ya pili hurudisha angani ndege ambayo kila kitu chake ni kipya au kimeguswa, kwa siku moja. Kwa hiyo saa za kwanza zake zinataka uvumilivu: kuikimbiza chini, kufungua kofia ya injini baada ya kila safari fupi, kukaza upya, kutazama uvujaji, kutokwenda mbali na uwanja.

Kwa zote mbili, kila kilichoguswa kwenye usukani kitazamwe na mtu wa pili ambaye hakukifanya. Kebo za eleroni, vibapa vya bawa vinavyoilaza ndege upande, zilizofungwa kinyume zimewahi kuua, na aliyezifunga ndiye mtu asiyeweza kuliona kosa lake.

Uzito nao upimwe upya. Rangi ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Tabaka mbili za ziada mkiani husogeza kitovu cha uzito nyuma, na Cub ambayo jumla ya uzito wake wa juu kabisa ni kilo 553 haina nafasi ya kupoteza.

Wapo wanaodhani kuvua yote na kuweka vipya kunatosha kuwa usalama. Desemba 2013, Tiger Moth ilipoteza mabawa ya upande mmoja ikiwa angani Queensland, Australia, na wawili waliokuwemo walifariki. Wachunguzi walikuta fimbo za chuma zinazofunga mwili kwa upana, mahali mabawa ya chini yanaposhikiliwa, zimekatika kutokana na uchovu wa chuma. Fimbo hizo hazikuwa za asili ya kiwanda, zilikuwa vipuri mbadala vilivyotengenezwa baadaye. Kipuri kipya kisicho na asili inayojulikana kinaweza kuwa hatari kuliko cha zamani kilichokaguliwa. Karatasi za kila kipuri cha muundo zihifadhiwe, na kipuri kisicho na karatasi kirudishwe kilikotoka, hata kiwe kizuri namna gani.

Mradi wa mtu mwingine

Kuna anayeuziwa ndege iliyokwisha kuvuliwa, "robo tatu imekamilika". Bei inavutia. Lakini huku ni kununua mbuzi kwenye gunia, isipokuwa kama aliyeivua alipiga picha, aliandika, na kazi iliyofunikwa ilitiwa sahihi na mkaguzi kabla haijafunikwa. Bawa lililofungwa kitambaa kipya bila sahihi hiyo, mimi ningelihesabu kuwa halijafanywa.

Ningepangaje mwenyewe

Kwa ndege ya alumini, awamu huku ikiruka, bila wasiwasi. Kwa mbao zisizo na historia, kuivua yote. Kwa mabomba na kitambaa cha zamani, ambako ndiko wengi walipo, ningechanganya njia hizo mbili. Endapo mkaguzi ameridhika kuwa inaweza kuruka kwa sasa, mwaka wa kwanza ningeruka na kusikiliza, nikasoma vitabu vyake vyote tangu ukurasa wa mwanzo, nikashughulikia nguzo za mabawa, breki na kamba za magurudumu. Mwaka wa pili ningetoa sehemu za mkia, nizifunike upya kwa mfumo nitakaoutumia baadaye. Mwaka wa tatu nyaya, hosi za mafuta na kuweka akiba. Kisha ningeisimamisha mara moja tu, mwili na mabawa pamoja, nikijua tayari kushona mbavu, yaani kukifunga kitambaa kwenye mbavu kwa uzi, nikiwa na vipuri vya chuma rafuni na injini ikisubiri zamu yake mwishoni. Mkaguzi akisita mwaka wa kwanza, isimame siku hiyohiyo.

Ambaye bado hajui yuko upande gani aanze na usukani wa mkia pekee. Ni sehemu ndogo, inashikwa na pini chache za bawaba na kebo mbili. Aitoe akiwa na fundi wake, aivue kitambaa, asafishe chuma, apake praima, afunike, akaze kwa pasi, ashone mbavu, apake tabaka zote, kisha airudishe na isainiwe. Aandike saa alizotumia na kila alichonunua. Kuna sehemu nne nyingine za namna hiyo mkiani, na mabawa mawili na mwili mzima unaofuata. Akizidisha saa zake kwa hizo, atajua ana miaka mingapi mbele yake.